Wakala wa Kusambaza Nyimbo Mtandaoni: Tulichokikuta kwa Mwaka Mmoja

Kikundi chetu cha taarab hapa Unguja kilimkabidhi nyimbo 6 wakala wa kusambaza muziki mtandaoni, ambaye sitamtaja jina, na baada ya mwaka mmoja naona ni haki wasanii wenzangu wakajua tulichokikuta. Upakiaji ulikwenda vizuri: ndani ya siku chache nyimbo zilikuwa zimeshafika Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, na kwengineko, na jina la mpiga kanuni wetu, ile ala ya nyuzi ya taarab, liliandikwa bila ya kosa, jambo lililomfurahisha mno mzee huyo.

Tatizo limo katika malipo. Hatukuelezwa kuwa Spotify haina bei maalumu kwa kila usikilizaji, bali hugawa mapato kwa kadiri ya fungu la kila mwenye haki katika usikilizaji wote, wala kuwa tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu kwa haki ya rekodi, yaani malipo ya sauti iliyorekodiwa. Nyimbo zetu 4 hazikufika hapo. Taarifa ya mapato ilikuja na jumla tupu, na haki ya mtunzi wa maneno na muziki, ambayo ni nyengine kabisa na ile ya rekodi, haikutajwa popote.

Fedha zote tulizopata hazikufikia anazotunzwa mwimbaji wetu katika harusi moja, pale ubeti unapomgusa bibi mmoja akainuka na noti mkononi. Kwa usambazaji namsifu wakala huyu. Kwa hesabu hajaniridhisha, na nimeshamwandikia anipe mchanganuo wa kila wimbo kabla hatujalipia mwaka wa pili.