Maji ya kupandia Kilimanjaro: chupa au mfuko wa mrija?

Siku ya kwanza, kwenye msitu wa njia ya Machame, mfuko wa mrija unashinda bila ubishi. Unakaa ndani ya begi, mrija unaning'inia begani, unafyonza huku unatembea pole pole. Chupa inakulazimu usimame na ushushe mzigo, ndiyo maana wengi huahirisha kunywa mpaka kichwa kinaanza kuuma.

Usiku wa kilele mambo yanageuka. Kutoka Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, watu huondoka karibu saa sita usiku, baridi ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Maji yaliyobaki kwenye mrija ndiyo huganda kwanza, na hapo lita 2 ulizobeba hazinyweki. Wengine hupuliza maji yarudi mfukoni kila wanapokunywa. Inasaidia, lakini juu ya mita 5,000 pumzi ya kupuliza utaitoa wapi? Chupa ya mdomo mpana ijaze maji ya moto, ivishe soksi nene ya sufi, kisha iweke kichwa chini: barafu huanzia juu, upande wa kitako, na kifuniko kitafunguka.

Kama nafasi ni ya kimoja tu, beba chupa.