Nimeacha semi-otomatiki nimehamia rivolva ya risasi tano: Ruger LCR .38, miezi minane mkononi

Niseme mapema manake najua maneno yatakuja. Sijahama kwenye semi-otomatiki, yaani bastola ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, kwenda rivolva, ile yenye silinda ya risasi inayozunguka, kwa sababu ya sinema za makauboi, wala kwa sababu kuna mtu kanidanganya kwamba rivolva haikwami. Nimehama kwa sababu ya dole gumba. Mi fundi gari, miaka thelathini na kitu nashika spana, nilianzia Tanga nikamalizia huku Houston, na mashina ya madole gumba yote mawili yameisha, kushoto ndo kabaya zaidi, daktari ananiambia gegedu imelika mfupa unasuguana na mfupa. Asubuhi kufungua kifuniko cha chupa ya maji naita mtoto.

Sasa bastola ya semi-otomatiki kwa asiyeijua, ile ya juu inayoteleza, slaidi, inabidi uibane kwa dole gumba na vidole uivute nyuma kwa nguvu ushindane na springi ndo risasi ya kwanza iingie kwenye mtutu. Ukitaka kuitoa risasi, unavuta. Ukitaka kuikagua, unavuta. Mi yangu nilikaa nayo miaka minane, 9mm, magazini ya risasi 15, jina la kampuni silitaji manake kosa halikuwa lake, lilikuwa la kwangu. Kuanzia mwaka juzi nikawa naivuta huku nimeng'ata meno. Halafu dole gumba la kulia nalo likaanza kuuma nikawa naishika kilegevu bila kujua, na hizi bastola bana ukizishika kilegevu zinasusa. Ndani kuna kazi inafanyika, slaidi inarudi nyuma kwa nguvu ya risasi yenyewe, inatupa ganda nje, inarudi mbele na risasi mpya, lakini ili irudi vizuri inahitaji mkono uwe ukuta. Mkono ukienda nyuma pamoja nayo, slaidi haimalizi safari. Siku moja renji, pale tunapolengea shabaha, ganda likakwama limesimama wima kama bomba la ekzosi la trekta, nikalitoa, risasi ya tatu likasimama tena. Kijana aliyekuwa mstari wa pili akaichukua ile ile akapiga magazini nzima bila shida. Hapo nikaelewa kwamba gari ni zima, dereva ndo mgonjwa.

Renji ninayoendaga wanakodisha bastola, unalipa ada moja unajaribu kadhaa, na ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayefikiria kuhama ni huo, kodi kwanza. Nikajaribu Smith & Wesson 642 na Ruger LCR, zote za saizi ya risasi inayoitwa .38 Special, zote risasi tano. Hiyo ya Smith & Wesson ina ukoo mrefu, fremu yake ndogo ilianza mwaka 1950, na umbo lile lenye nyundo, ile inayogonga risasi, iliyofichwa ndani likaja 1952 kampuni ilipotimiza miaka mia ndo maana wakaliita Centennial. Bastola nzuri, fremu ya alumini. LCR ni mtoto wa juzi, 2009, na sehemu ya chini inayobeba triga, kile unachovuta kwa kidole kupiga, ni plastiki, wazee wa rivolva walipoiona walilalamika sana. Mi plastiki hainisumbui, magari ninayotengeneza siku hizi mpaka intake manifoldi ni plastiki.

Kilichonifanya nichukue LCR ni triga. Na hapa ndo pa kukaa kidogo manake ndo moyo wa mambo.

Kwenye rivolva ya aina hii hakuna slaidi, kidole chako ndo injini. Ukivuta triga unafanya kazi zote kwa mpigo mmoja, unazungusha silinda tundu linalofuata lije kwenye mtutu, unarudisha nyundo nyuma, halafu unaiachia. Semi-otomatiki za kisasa nyingi triga ni kama pauni 5 na nusu, kilo mbili na nusu hivi. Rivolva ndogo nyingi ni kama pauni 12, kilo tano na zaidi, kwa kidole kimoja! LCR wameweka kamu ndani inayopunguza msuguano, kwa hiyo mvuto wake unaanza laini na hauna ule mlima wa ghafla katikati, mi naukadiria pauni 9 au 10. Kwa fundi ni raha kuihisi, kama klachi iliyorekebishwa na mtu anayejua kazi. Lakini bado ni mzigo, na ukivuta vibaya mdomo wa mtutu unayumba na risasi inakwenda kwa jirani. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa kila jioni navuta triga na risasi za bandia ndani, nimelenga swichi ya taa ukutani, bastola imekaguliwa mara mbili na risasi za kweli ziko chumba kingine, mara hamsini hivi. Bila hivyo usihangaike kununua, utaichukia.

Kwa hiyo anayekwambia rivolva ni rahisi kwa mtu mwenye mikono mibovu, mwambie ugumu haujaondoka, umehama tu. Umetoka kwenye dole gumba umeenda kwenye kidole cha shahada. Mi kidole cha shahada kizima, basi nimepona.

Ushahidi ninao ndani ya nyumba. Pale dukani muuzaji alivyomuona mama Zawadi tu, hata hajauliza, akamtolea rivolva ndogo nyepesi, eti hii ya kina mama. Hii tabia iko maduka mengi sana huku na inanikera. Mama Zawadi akaivuta triga kwa kidole kimoja, ikagoma, akaweka vidole viwili, ikaenda huku mtutu unaangalia dari, akanigeukia, "Baba Zawadi, hii wameifunga na nati ya gurudumu?" Yeye madole gumba yake hayana neno, ila vidole vimechoka kwa kusuka nywele za watu miaka yote hii. Tukaishia kumchukulia Shield EZ, semi-otomatiki ambayo slaidi yake wameifanya nyepesi kuvuta, ilitoka 2018 kwenye risasi ya .380. Kwa hiyo nyumba moja, baba kahama semi-otomatiki kwenda rivolva, mama wala hakuitaka rivolva, na kila mtu yuko sahihi kwa mikono yake.

Turudi kwenye LCR. Uzito gramu 380 na ushee, karibu sawa na kopo la soda lililojaa. Mtutu chini kidogo ya inchi mbili. Mfukoni inakaa kama pochi, na umbo lake la mviringo halichori pembe kwenye suruali kama ile ya magazini, nyundo imefichwa ndani kwa hiyo hakuna cha kunasa kwenye kitambaa. Lazima iwe kwenye holsta (ala) ya mfukoni peke yake, mfuko huo usitie funguo wala shilingi, triga haitakiwi kukutana na kitu chochote. Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mwenye miaka 21 asiyezuiliwa na sheria anaweza kubeba bila leseni, lakini kuna sehemu bado marufuku na vibao vimewekwa mlangoni, soma vibao. Na wenzangu mnaoniulizaga, mwenye green card anaweza kununua kwa muuzaji mwenye leseni, unajaza fomu 4473 na wanakuangalia kwenye mfumo wa FBI, ila mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida hapana, usijaribu kabisa usije ukajiharibia makaratasi.

Wepesi huo unaulipia. Bastola nyepesi ndo inapiga teke zaidi, hakuna ujanja, nguvu ile ile uzito mdogo. Nilianza na risasi za +P, zile zenye nguvu zaidi ya kawaida, manake LCR inazikubali na nilidhani mi mwanaume, nikapiga kumi nikaweka chini, kile kidole gumba nilichokuja kukiokoa kikawa kinalia. Mzee mmoja pale renji, Mmarekani wa makamo yangu, hakusema neno akanisukumia risasi tano za kwake, wadkata, zile kichwa kimekatwa bapa kama kipande cha chaki. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya mashindano ya shabaha, kichwa cha gramu 9 na nusu kinakwenda pole pole, teke dogo, na kwenye karatasi inakata tundu la duara safi kama la pancha. Tangu siku hiyo ndo risasi yangu. Kasoro yake ni kwamba ule ubapa unagonga ukingo wa tundu ukiwa unapakia kwa haraka, kwa hiyo wengi wanaweka wadkata kwenye silinda na za kichwa cha mviringo kwenye akiba.

Kupakia sasa. Nimetoka risasi 15 nimeenda tano, babu yangu Handeni alikuwa na gobore la moja, kwa hiyo ukiangalia ukoo bado nimeendelea hahaha. Ila sio utani wa kupuuza. Marekani polisi wao walibeba rivolva karibu karne nzima wakaziacha, na siku inayotajwa sana ni tarehe 11 Aprili 1986 kule Miami, maajenti wa FBI walipambana na majambazi wawili wenye silaha nzito, wawili wa FBI wakauawa na watano wakajeruhiwa, wengi wao walikuwa na rivolva, na kujaza upya risasi ukiwa umejeruhiwa mkono ilionekana ni balaa. Baada ya hapo safari ya kwenda semi-otomatiki ikawa mbio. New York polisi wapya walianza kupewa 9mm mwaka 1993 na zile rivolva za mwisho za wazee zikaondolewa 2018. Kwa hiyo anayehamia rivolva leo ajue anapanda treni inayorudi. Mi sio polisi, natoka gereji saa mbili usiku naenda kwenye gari langu, tano nimeridhika nazo. Ungekuwa mlinzi ningekwambia baki na magazini yako.

Nina spidiloda mbili, kile kidude cha duara kinachoshika risasi zote tano unaziingiza kwa pamoja ukazungusha kitufe, nyumbani nafanya vizuri, renji mtu akiniangalia nazimwaga chini. Pia nina ule ukanda wa mpira unaolala bapa mfukoni, unapakia mbili mbili, taratibu lakini haumwagi.

Na hili la "rivolva haikwami". Jamani. Kitu chochote chenye springi na meno kinakwama, mi nakula kwa hilo. Ukweli ni kwamba rivolva ikipata risasi mbovu isiyolipuka unavuta tena triga, tundu lingine linakuja, maisha yanaendelea, na hilo ni tamu sana. Lakini ikikwama yenyewe, imekwama. Semi-otomatiki unagonga kitako unavuta slaidi umemaliza, rivolva inataka meza na taa. Chembe za baruti ambayo haikuungua zikiingia chini ya ile nyota inayosukuma maganda nje, silinda haifungi sawasawa. Ndo maana ukitoa maganda inua mdomo wa mtutu juu ugonge kile kijiti kwa kiganja, kila kitu kidondoke chini badala ya kuingia kwenye nyota. Na kwenye bastola nyepesi kama hizi teke linaweza kuvuta kichwa cha risasi kikachomoza kwenye ganda lake kidogo kidogo, kikitokeza mbele ya silinda haizunguki tena mpaka ukitoe. Kwa hiyo aina yoyote ya risasi unayotaka kubeba, piga nne, halafu toa ile ya tano uipime na mpya. Dakika moja tu.

Kingine cha mtu anayetoka kwenye magazini, vidole! Kati ya silinda na mtutu kuna upenyo, gesi ya moto inatoka pale kwa pembeni kila ukipiga. Tabia ya semi-otomatiki ya kunyoosha dole gumba la kushoto mbele kando ya slaidi, iache mlangoni. Mi nilijikumbusha kwa kuchora alama ya wino kwenye kucha wiki ya kwanza.

Shabaha, kwa mtutu mfupi hivi na alama ya nyuma ya kulengea ambayo ni mfereji tu juu ya fremu, hatua saba nazipanga tano kwenye kiganja, hatua kumi na tano ni sadaka.

Bei nililipa dola 560 kabla ya kodi, na risasi ndo zinakula, boksi la 50 la .38 mtaani kwetu ni dola 25 mpaka 28 wakati 9mm napataga kwa 14. Ya zamani sijaiuza, iko kwenye sefu. Jumamosi tunaenda renji wawili, na mama Zawadi huwa kamaliza boksi lake, kafagia maganda, kavaa mkoba begani, mi bado niko pale nachokoa ganda la tano kwa ukucha huku ananiuliza kama gari langu nalo ni la kusukuma.