Mtambo wa kupakia mawe mgodini: amueni uzito wa vigezo kabla ya kuona bei

Kamati nyingi za ununuzi huanza kwa kufungua vipeperushi vya wauzaji, na hapo ndipo mambo huharibika, maana kila mjumbe hushika mtambo alioupenda na kuutetea hadi mwisho. Anzeni na vigezo. Vipeni uzito, andikeni, tieni saini, ndipo bei ziingie mezani.

Njia ninayoiamini ni AHP (Analytic Hierarchy Process), njia ya kufanya uamuzi wenye vigezo vingi, aliyoibuni Thomas Saaty miaka ya 1970. Vigezo hulinganishwa viwiliviwili kwa kipimo cha 1 hadi 9. Chukua mgodi wa wazi wa ukubwa wa kati, unaochimbwa sehemu kadhaa kwa wakati mmoja. Kamati inasema gharama kwa tani ni muhimu mara 2 kuliko upatikanaji wa vipuri, na vipuri mara 2 kuliko wepesi wa kuhama. Basi gharama inapaswa kuwa mara 4 ya wepesi. Mjumbe akiandika kwamba wepesi unaishinda gharama, amejipinga mwenyewe na hesabu itamuumbua: uwiano wa mkanganyiko, yaani kipimo cha AHP cha jinsi majibu yanavyojipinga, ukizidi 0.10, linganisheni upya. Hakuna kura ya kunyoosha mikono inayoweza kufanya hivyo. Uzito unatoka 4/7, 2/7 na 1/7.

Nimeipa mitambo mitatu alama za mfano kati ya 10, kwa mpangilio huohuo wa vigezo; jumla ni kila alama mara uzito wa kigezo chake, kisha zikajumlishwa:

1. Ekskaveta ya haidroli (7, 8, 5), jumla 7.0. Huchimba kwa kuchagua: mawe yenye madini huku, taka kule.

2. Loda ya magurudumu (5, 8, 10), jumla 6.6. Huhama upesi, lakini mawe makali hula matairi yake, na bila sakafu iliyosawazishwa inateseka.

3. Shoveli ya umeme ya kamba za chuma (8, 4, 2), jumla 6.0. Kwenye mgodi mkubwa wenye miaka mingi mbele ingepanda, kwani hudumu sana. Hapa kebo yake ya umeme na mwendo wake wa polepole vinaiangusha.

Sasa tikiseni matokeo. Vigezo vyote vikipewa uzito sawa, loda inapata 7.7 na ekskaveta 6.7. Nafasi ya kwanza imebadilika! Kwa hiyo msikadirie gharama kwa tani kwa macho. Tafuteni kumbukumbu za mafuta, matairi na saa za matengenezo kutoka migodi yenye mawe kama yenu.

Katika AHP kamili mitambo nayo hulinganishwa miwilimiwili; mkiwa na mitambo 10, inadai milinganisho 45 kwa kila kigezo, na watu huchoka. Hapo tumieni njia nyingine, TOPSIS, ya Hwang na Yoon ya 1981, inayopima kila mtambo uko karibu kiasi gani na ulio bora kabisa na mbali kiasi gani na ulio mbaya kabisa.

Kabla ya kusaini, pimeni ndoo dhidi ya lori. Ndoo ya tani 10 hujaza lori la tani 40 kwa michoto 4, na hiyo inafaa. Ikifika 8, malori yatapanga foleni hata kama mtambo ulishika namba moja.