Kuhama kutoka Google Workspace kwenda Microsoft 365: zana ya Exchange inatosha?

Ofisi ndogo yenye fundi makini haina haja ya kununua programu nyingine ya kuhamisha barua pepe zake. Ndani ya paneli ya msimamizi wa Exchange, yaani huduma ya barua pepe ya Microsoft 365, kuna njia mbili za kuhama kutoka Google, na ya kuchagua ni ile ya Google Workspace. Maandalizi yake yanachosha: fungua mradi kwenye Google Cloud, unda akaunti ya huduma (akaunti inayotumiwa na programu, si mtu), pakua faili la ufunguo wake la JSON, kisha ipe akaunti hiyo idhini ya kufikia visanduku vyote vya kikoa (domain) chako. Ukikosea herufi moja kwenye orodha ya idhini, muunganisho unakataa. Lakini ikikubali, inabeba barua, kalenda na anwani kwa mkupuo mmoja.

Njia ya pili, IMAP, ambayo ni itifaki ya kawaida ya kusoma barua pepe, ni nyepesi kuanza, ila hubeba barua tu, zisizozidi 500,000 kwa kila kisanduku, na huacha yoyote inayopita MB 35. Kero yake kubwa ni lebo. Barua yenye lebo tatu Gmail huionyesha kwenye folda tatu, na tena kwenye All Mail (folda ya barua zote), kwa hiyo huko uendako utaikuta imerudiwa. Kabla ya kuanza, weka All Mail kwenye orodha ya folda zisizohamishwa, jamani; usiifute.

Siku chache kabla ya kuhama, nenda kwenye DNS (mipangilio ya kikoa chako), ushushe TTL, yaani muda ambao rekodi hukumbukwa na seva nyingine, ya rekodi ya MX (inayoonyesha barua zipelekwe wapi) hadi sekunde 3600. Kwenye SPF, rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chako, usiongeze rekodi ya pili, weka include:spf.protection.outlook.com ndani ya ile iliyopo. Rekodi mbili za SPF kwenye kikoa kimoja ni kosa, na ankara zako zinaweza kuishia kwenye barua taka za wateja.