Zoom kwa Mtu wa Sanaa: Tathmini kutoka Dar es Salaam

Dar es Salaam haikuwekewa amri ya kutotoka nje mwaka 2020, lakini shughuli za sanaa zilisimama kana kwamba imewekewa. Machi 17, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, serikali ilifunga shule na kuzuia mikusanyiko, kumbi zikabaki tupu, na wenzetu tunaoshirikiana nao Kigali, Kampala na London wakafungiwa majumbani mmoja baada ya mwingine. Mimi ni mratibu wa kikundi cha muziki wa asili chenye maskani yake Kinondoni. Ofisi yangu ilihamia kwenye meza ya chakula, na vikao vyetu vyote vikahamia Zoom, programu ya kukutana kwa sauti na picha kupitia mtandao. Bado ninaitumia, na hapa ninaipima kwa mahitaji ya mtu anayeishi kwa sanaa, ambayo si sawa na ya mhasibu.

Kwa mazungumzo ninaipa alama za juu. Kupitia andiko la mradi pamoja na mfadhili, au kusoma mkataba kifungu kwa kifungu huku kila mmoja akiuona kwenye kioo chake, ni kazi ambayo Zoom huifanya vizuri kuliko chumba chetu cha mikutano kilivyowahi kuifanya, kwa kuwa mjumbe anayeishi Mbagala halazimiki tena kukatiza jiji zima na kufika akiwa amechoshwa na foleni. Huduma ya bure hupokea watu hadi 100 kwa dakika 40. Nakiri kwamba ukomo huo ulitufaa: mwenyekiti yeyote wa Kiswahili anajua jinsi salamu na utangulizi vinavyoweza kumaliza nusu ya kikao. Mwaka 2020 watu wawili waliweza kuzungumza bila kikomo hicho, lakini tangu mwaka 2022 nao wamebanwa na dakika hizohizo.

Muziki wenyewe ni habari nyingine. Hewani sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo wapiga ngoma wawili waliosimama mita tatu kutoka kwa mwenzake husikiana baada ya milisekunde tisa hivi, muda ambao sikio haliutambui. Kwenye mtandao sauti hunaswa, hubanwa, husafirishwa hadi kwenye seva, yaani kompyuta za kupokea na kusambaza, kisha hufunguliwa upande wa pili. Ucheleweshaji ukizidi milisekunde 30 hivi, mdundo huanza kulegea, kwa sababu kila mpigaji humsubiri mwenzake naye mwenzake anamsubiri yeye. Zoom huhesabu hata milisekunde 150 kuwa hali ya kuridhisha, na kwa mazungumzo ni kweli. Kwa hiyo mtu asidanganyike kwamba akinunua bando kubwa zaidi ataweza kufanya mazoezi ya pamoja. Programu hii haikuundwa kwa kazi hiyo.

Lipo pia suala la kuchuja kelele, ambalo kwangu ndilo lenye kufikirisha zaidi. Programu imefundishwa kulinda sauti ya binadamu anayeongea na kupunguza kila kinachovuma au kuchakacha bila kukoma. Katika joto la Machi jambo hilo ni neema, kwani feni inaweza kuendelea kuzunguka bila wajumbe kuisikia. Lakini kwa kichujio hicho kayamba nayo hufanana na feni, hivyo hufifia, na mlio mrefu wa zeze huyumba kama redio inayotafuta stesheni. Dawa yake ni mpangilio wa kuruhusu sauti asilia, ambao hauwashwi wenyewe. Mpigaji auwashe kabla hajaanza, na feni aizime.

Gharama yahitaji kuangaliwa. Akaunti ya kulipia mwaka 2020 ilikuwa dola 14.99 kwa mwezi, takriban shilingi 34,000, nayo ilidai kadi ya benki, kitu ambacho wasanii wengi wanaoishi kwa pesa za simu hawakuwa nacho. Bando ndilo linalouma zaidi. Mazungumzo ya watu wawili kwa picha yenye ubora wa juu huhitaji kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na nyingine kama hizo kurudi, yaani takriban megabaiti 540 kwa saa, wakati sauti peke yake haizidi kilobiti 80 kila upande. Sisi tuliweka utaratibu wa kuonana wakati wa salamu, kisha kamera zote kuzimwa.

Mratibu, mwandishi wa tamthilia au msanifu wa mabango anayehitaji kuonyesha kazi na kupokea maoni apakue huduma ya bure, na alipie tu iwapo vikao vyake haviwezi kukatwa katikati. Kiongozi wa kwaya au wa ngoma aitumie kugawa sehemu na kusahihisha mtu mmoja mmoja. Wimbo kamili autengeneze kwa kumtaka kila mwanakikundi ajirekodi kwa simu huku akisikiliza mdundo mmoja masikioni, kisha fundi wa studio aziunganishe rekodi hizo.