Sanduku la kufuli tatu na vitabu vya mihuri: uzoefu wa kikoba chetu

Kama hesabu za kikoba chenu, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ziko kwenye daftari moja, na daftari lenyewe analala nalo katibu, badilisheni. Sisi akina mama wa Muheza, wengi tunauza machungwa na wengine ni mama lishe, tulihamia kwenye sanduku la chuma na vitabu vya mihuri. Tumeshavunja kikoba, yaani kugawana fedha mwisho wa mzunguko, tukiwa nalo, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona.

Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, ukianzishwa na shirika la CARE kwa wanawake wa vijijini ambao wengi hawakujua kusoma. Ndiyo maana hesabu ya akiba haihitaji kalamu nyingi. Kila mwanachama ana kitabu chake. Akiba inawekwa kwa hisa, kila hisa bei moja: ukinunua hisa tatu unagongewa mihuri mitatu, mwisho tano kwa kikao, na nafasi zinazobaki zinapigwa mstari hapohapo mbele ya watu, asije mtu akajiongezea baadaye. Bibi mmoja kwetu hajui kusoma, lakini mihuri yake anaihesabu kwa kidole na hadanganyiki hata kidogo. Kikao kikiisha vitabu vinafungiwa sandukuni pamoja na fedha.

Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na hao wasiwe viongozi wala wasikae nyumba moja na mweka hazina anayelaza sanduku. Ila tusijidanganye: sanduku lenyewe mwizi anaweza kulibeba zima. Kinacholinda fedha ni ile kuhesabu kwa sauti. Wahesabu fedha wawili wanamwaga kwenye beseni, wanataja kiasi, wote tunakishika kichwani, na kikao kijacho kabla ya lolote mtu anaulizwa: tuliacha shilingi ngapi? Mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa, una kimfuko chake cha kitambaa na hauchanganywi na hisa.

Siku ya mgao ndipo nilipoipenda zaidi. Tuseme mikopo yote imerudi, sandukuni kuna shilingi 6,000,000, na mihuri ya vitabu vyote ni 2,400. Gawanya, kila muhuri ni 2,500. Kama hisa ilinunuliwa 2,000, faida ni 500 kwa kila muhuri. Hakuna cha kumsubiri mwenyekiti akapige hesabu zake chumbani. Zamani kwenye upatu wetu kijumbe, yule mkusanya michango, alikuwa ndiye daftari, ndiye benki, na ukimuuliza sana ananuna.

Kasoro zipo. Kufuli tulizoletewa na sanduku zilikuwa za hovyo, zikashika kutu, tukanunua nyingine. Mikopo haionekani kwa mihuri: marejesho na riba lazima yaandikwe, kwa hiyo mtu makini wa kuandika bado mnamhitaji. Na mzunguko ukikaribia mwisho fedha zinakuwa nyingi mno kulala chini ya kitanda cha mtu. Hapo sisi tunazipeleka kwenye akaunti ya kikundi ya simu, ambayo hatoi mtu mpaka viongozi wengine waidhinishe. Makato yanauma, na siku mtandao ukigoma mnakodoleana macho, lakini mweka hazina wetu analala usingizi. Kuanza na simu moja kwa moja nisingeshauri: wasio na simu wanabaki kuambiwa tu.

Jambo jingine, vitabu hivi si usajili. Sheria ya Tanzania ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi kama vyetu daraja la nne, na halmashauri watawadai katiba.

Kwa kikundi cha watu kati ya 15 na 30 wanaojuana, mtindo huu ninaupa nyota nne kati ya tano. Sanduku mnaweza kumpa fundi wa kuchomelea wa mtaani, letu la pili katengeneza yeye na ni gumu kuliko la kwanza. Muhuri ndio msiokote dukani wenye neno la kawaida kama "IMELIPWA", maana yeyote anaweza kuununua. Chongesheni wa alama yenu. Wetu una chungwa.