Filamu si nyeusi, projekta yenu ndiyo imevaa miwani

Nyota moja kwa jumba hili la sinema. Nilianza na mbili, nikapunguza kabla sijamaliza kuandika. Nitende haki lakini: viti havina neno, ukumbi ni msafi, na filamu yenyewe, kwa kiasi nilichofanikiwa kuiona, ni nzuri sana. Ugomvi wangu uko kwenye hicho kiasi.

Ilikuwa juzijuzi hapa, onyesho la 2D, filamu ya kawaida kabisa, kwenye ukumbi ambao siku chache nyuma ulikuwa na filamu ya 3D. Hilo la 3D lishike, ndipo ulipo mzizi wa mambo. Jua la saa sita mchana kwenye skrini lilikuwa la magharibi yenye mawingu. Bibi harusi amevaa kaki. Tukio la usiku lilipoanza nikawa nasikiliza mazungumzo ya watu nisiowaona. Nikatoka kumwambia msimamizi. Akanijibu macho yake yakiwa kwenye simu: "Bosi wangu, hiyo filamu ndivyo ilivyo, nyeusi. Mwongozaji kataka hivyo. Mbona wenzako wametulia?"

Haya. Na maandishi ya tafsiri chini ya picha nayo mwongozaji kayapiga usiku? Yale huwa meupe, na hayana taa ya kuigiza wala kivuli. Katika onyesho hili yalikuwa ya kijivu kilichoingia ukahawia. Ukitaka kujua kama giza ni la filamu au la ukumbi, acha kubishana kuhusu sanaa, tazama maandishi. Yakiwa meupe na picha ni nyeusi, msimamizi ana hoja. Yakiwa machafu kama picha, hana.

Ni kweli siku hizi wapiga picha wanapenda giza, kwa sababu kamera za kidijitali zinanasa mwanga mdogo ambao mkanda wa filamu wa zamani usingeuona. Lakini giza lililokusudiwa lina vitu ndani yake: mkunjo wa koti, ukingo wa pua, mlango ulioachwa wazi nyuma. Kuna kiwango cha hili jambo. Studio kubwa za Hollywood ziliunda chombo chao cha DCI mwaka 2002, na mwaka 2005 kikatoa vipimo vya sinema ya kidijitali: weupe katikati ya skrini, kwa filamu ya 2D, uwe kandela 48 kwa mita ya mraba (kandela ni kipimo cha mwanga). Mafundi wa zamani wataitaja kama futi-lamberti 14, ni kitu kilekile. Anayepanga rangi za filamu hukaa mbele ya mwanga huo. Akiacha mkunjo wa koti jeusi uonekane kwa taabu, anakadiria taabu ya kandela 48. Wewe ukimwonyesha mtazamaji kandela 20, mkunjo umekwenda na koti lake.

Mwanga ulikwenda wapi? Mfumo wa 3D unaotumia miwani myepesi isiyo na betri huweka kioo maalumu mbele ya lenzi ya projekta. Kioo hicho huchuja mwanga, picha ya jicho la kushoto ipite kwa namna moja na ya kulia kwa namna nyingine, na kazi hiyo hula zaidi ya nusu ya mwanga wote. Kwenye 3D hakuna jinsi, ndiyo gharama yake. Kwenye 2D kioo kinatakiwa kiondoke. Mashine nyingine hukisogeza zenyewe kwa amri iliyomo kwenye orodha ya onyesho, ileile inayosema taa zizimwe lini na lenzi ikae kwa umbo gani. Nyingine zinahitaji mtu apande akisukume kwa mkono. Orodha ikinakiliwa kutoka onyesho la jana bila kukaguliwa, au mwenye mkono akiwa anauza bisi, kioo kinabaki palepale na watu wazima wanakaa saa mbili wakitazama filamu iliyovalishwa miwani ya jua.

Na si siri ya mafundi. Gazeti la Boston Globe la Marekani liliandika habari hii kwa urefu mwaka 2011, lilipokuta lenzi za 3D zimeachwa kwenye projekta zinazoonyesha 2D. Miaka yote hiyo, na bado naambiwa mwongozaji kataka hivyo!

Unaweza kujihakikishia ukiwa kitini. Geuka, tazama dirisha dogo la chumba cha projekta. Kwenye aina fulani ya projekta za Sony za 4K zilizofungwa lenzi ya 3D, utaona miale miwili imepangana, mmoja juu ya mwingine; kwa 2D unatakiwa uwe mmoja. Kwenye mashine nyingine huenda ukaona kitu chenye umbo la mraba kimekaa mbele ya lenzi. Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha miwani: ukiwa na ile ya 3D ya zamani, ivae, funga jicho moja, kisha lingine. Skrini ya kawaida itafifia sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja ukizama gizani na mwingine ukabaki, kioo kipo, hakuna mjadala. Ila pande zikilingana usimwachie msimamizi ushindi, maana kioo kikiwa kimewashwa hubadilisha upande mara nyingi kwa sekunde na jicho haliwezi kutofautisha.

Kuna mengine mawili yanayofanya picha ife, na nadhani hapa yalikuwepo yote. Skrini za 3D ya aina hii hupakwa rangi ya fedha ili mwanga usipoteze mpangilio wake. Hurudisha mwanga kwa nguvu katikati na kufifia pembeni, kwa hiyo kiti cha pembeni kabisa mstari wa mbele kina hasara hata kioo kikiwa kimetolewa. Kata tiketi ya katikati. La pili ni taa ya projekta. Ile ya gesi ya zenoni hufifia kidogo kidogo kadiri saa zake zinavyokwenda, na projekta ina kaunta inayozihesabu, kwa hiyo jibu la "hatujui" halipokelewi. Wapo wanaoipunguzia umeme wakidhani wanairefushia maisha. Ukiishusha chini ya kiwango chake mwanga huanza kuchezacheza, na sasa una picha hafifu inayotetemeka.

Sauti niisifu. Kwenye prosesa za Dolby, mashine zinazoendesha sauti ya ukumbi, kiwango rasmi ni 7, na kumbi nyingi huteremsha hadi 5 kwa sababu ya malalamiko ya trela zenye makelele. Hiyo ni karibu desibeli 7 chini, na mazungumzo ya kunong'ona huyasikii tena. Hawa, kwa sikio langu, hawakushusha sana. Kwa hilo nilikuwa tayari kurudisha nyota ya pili.

Halafu nikakumbuka vilio vya wenye majumba ya sinema. Kwamba watu wanabaki nyumbani, kwamba studio zimewasaliti. Wana sababu: Julai 2020 studio ya Universal na AMC, kampuni ya majumba ya sinema, walikubaliana filamu ziweze kuhamia kwenye kukodishwa mtandaoni baada ya siku 17 tu, wakati desturi ilikuwa karibu miezi mitatu. Lakini nyumbani nina luninga inayong'aa kuliko skrini yenu, na maandishi yake ni meupe. Mlichobaki nacho ni ukubwa wa picha na mwanga wake, na mwanga mmeuacha nyuma ya kioo. Zamani mkanda wa milimita 35 ulikuwa na mtu wake pale juu, akiangalia fokasi. Mkanda ulipoondoka, naye akaondoka. Mikwaruzo hakuna, sawa. Wa kutazama kama picha inaonekana naye hakuna.

Ukikutwa na haya, toka ndani ya dakika 15 za mwanzo, kabla hawajasema filamu umeshaimaliza. Usiseme "picha mbaya", watakujibu mwongozaji. Sema hivi: "Ukumbi namba fulani, kioo cha 3D kimebaki mbele ya lenzi, naomba fundi akitoe." Wakisema wameshatoa, uliza saa za taa. Mwenye kuujua mtambo ataenda kutazama. Asiyeujua atamwita meneja, na huyo ndiye unayemtaka.

Meneja wangu, nikiri, alikuwa muungwana. Alinipa pole, akaniita mgeni wetu, akanipa tiketi ya bure. Nimeigeuza nyuma kuisoma: ni ya ukumbi uleule, na haibadilishwi.